cv2 (OpenCV, maktaba ya Python ya kushughulikia picha) imenigomea kabisa, nimeinstoli mara nne na kila nikigusa inazidi kuharibika (Mtwara)

MbanguaKodi:
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini huku Chikongola, naomba msaada kabla hii laptopu sijaipeleka Shangani nikaitupa baharini, leo siku ya tatu sielewi.

Stori iko hivi. Mama mdogo ana kikundi cha akina mama kule Newala wanabangua korosho, wako kumi na mbili. Zikishabanguliwa na kumenywa ganda la ndani wanachambua kwa macho, nzima huku, vipande huku, zilizoungua huku. Ikifika saa kumi macho yameshachoka ndo mabishano yanaanza, huyu anasema hii nzima, yule anasema mbona ina ufa. Mimi nikajitia ufundi nikasema nitawatengenezea kitu, kamera inakaa juu ya sinia, kompyuta inahesabu nzima ngapi vipande vingapi. Picha nimepiga kama mia nne kwa simu, na maboksi nimezichorea mwenyewe moja moja, hiyo kazi msiniulize.

Sasa kumbe korosho sio shida, shida ni kuinstoli. Nilianza na ultralytics, ile ya kuifundisha kompyuta kutambua vitu kwenye picha, ikaingia freshi. Nikaona video moja jamaa anasema ukitaka modeli iwe kali weka na albumentations, nikaweka. Nakuja kurani skripti, inafika kwenye cv2.imshow, amri ya kufungua dirisha la picha, inakufa:

`The function is not implemented. Rebuild the library with Windows, GTK+ 2.x or Cocoa support`

Nikapekua, nikakuta mtu kaandika headless (opencv-python-headless) ndo mchawi, nikaifuta headless. Hapo ndo maajabu yakaanza:

`AttributeError: module 'cv2' has no attribute 'imread'`

Yaani hata kusoma picha hawezi tena! Nikasema basi niinstoli opencv-python upya, pip (kile kinachoshusha na kuinstoli pakeji za Python) inanijibu Requirement already satisfied. Ipo lakini haipo. Nikaweka opencv-contrib-python kwa hasira, ikakubali, dirisha likafunguka, nikajiona mjanja. Nikasema sasa nina mbili, ngoja nifute ile opencv-python nibaki na moja, ikafa tena. Nikaapdeti kila kitu, imshow ikarudi kugoma kama mwanzo.

Windows 10, RAM 8, Python 3.13. Na bando limebaki MB 900 na kidogo, kwa hiyo msiniambie nishushe dunia nzima upya.

Ngalawa77:
Uza laptopu nunua ungo. Ungo hauna vesheni.

MwanaNachingwea:
Naweka kambi hapa, na mimi cv2 inanitesa ila erori yangu ni tofauti. Ngoja waje wajuvi.

fundi_terminali:
Mkuu pole. Hii ishu inajulikana, tatizo ni NumPy, maktaba ya hesabu ambayo OpenCV inaitegemea. NumPy walitoa 2.0 mwezi wa sita 2024 na ikavunja vitu vingi, OpenCV ikiwemo. Dawa ni moja tu:

`pip install "numpy<2"`

Ukimaliza njoo unishukuru.

MbanguaKodi:
Nimejaribu mkuu. Imeshusha kama MB 15, ikakaa kimyaa inasema preparing metadata, halafu ikamwaga herufi nyekundu skrini nzima, mstari wa mwisho mwisho huko unasema

`ERROR: Unknown compiler(s): [['icl'], ['cl'], ['cc'], ['gcc'] ...`

Sasa mimi nimeomba numpy, kompaila ya nini tena?

fundi_terminali:
Aah hapo inabidi uweke Visual Studio Build Tools. Ni kubwa kidogo, GB kadhaa.

MbanguaKodi:
GB kadhaa na bando la MB 900 😭

Bintimikindani:
Jamani subirini kwanza, usishushe hiyo kitu. Fundi samahani kaka yangu, sio kwamba dawa yako mbovu, ila umempa mgonjwa dawa kabla hajasema anaumwa wapi. Erori alizoweka mleta mada hakuna hata moja inayomtaja NumPy, zisome tena.

Kuhusu kompaila, hilo lina sababu. Yeye yuko Python 3.13. NumPy za familia ya 1 ziliishia 1.26, na hizo zilitengenezewa mafaili yaliyokwisha kupikwa (wheel) mpaka Python 3.12 tu. Sasa ukimwambia pip nataka chini ya 2 wakati uko 3.13, pip hakuti chakula kilichoiva, anaona isiwe tabu, nachukua kodi mbichi nipike mwenyewe hapahapa. Kupika kunataka kompaila ya C, programu ya kugeuza kodi iwe ya mashine, kwenye Windows ya mtu wa kawaida haipo, ndo yale mafuriko mekundu. Ukitaka pip asijitie upishi mwambie

`pip install --only-binary=:all: "numpy<2"`

hapo atakwambia mapema hakuna, bila kukumalizia umeme wa betri.

Mleta mada, naomba vitu viwili kabla ya yote. Rani hizi kwenye cmd ubandike hapa kilichotoka:

`python -m pip list | findstr opencv`
`python -m pip show opencv-python-headless`

MbanguaKodi:
Dada shukrani. Hii hapa:

`opencv-contrib-python 4.12.0.88`
`opencv-python-headless 4.12.0.88`

Hee! Headless si niliifuta juzi mimi? Nani kairudisha?

Ya pili ndefu ila chini kabisa kuna mstari unasema

`Required-by: albucore, albumentations`

Bintimikindani:
Umejijibu mwenyewe. Ulivyoapdeti, albumentations ilikuta headless hayupo ikamwita tena, maana kwenye orodha yake ya mahitaji imeandika headless. Na ultralytics kwenye orodha yake imeandika opencv-python. Kila mmoja kaja na mgeni wake.

Naeleza kwa kirefu kidogo maana hili swali linarudi sana. OpenCV kwa upande wa pip iko kwenye majina manne: opencv-python, opencv-contrib-python, opencv-python-headless na opencv-contrib-python-headless. Contrib ni ile ya kawaida plasi moduli za ziada. Headless ni ileile ila wamenyofoa mambo yote ya madirisha, haina imshow, imetengenezwa kwa ajili ya seva ambazo hazina hata skrini. Majina manne, LAKINI zote nne zikishuka zinajimwaga kwenye folda moja, cv2, ndani ya site-packages, pale Python inapoweka pakeji zake. Folda moja wapangaji wanne. Anayekuja mwisho anafunika vitu vya aliyetangulia, na pip hakwambii chochote kwa sababu kwake yeye hayo ni majina tofauti kabisa, haoni ugomvi.

Sasa rudia stori yako polepole. Iliingia opencv-python, ikaja headless ikaifunika, imshow ikafa. Ukafuta headless, pip akabeba mafaili yote ya headless, ambayo ndo yaleyale yaliyokuwa yanatumiwa na mwenzake, folda ikabaki makapi. Daftari la pip bado linasema opencv-python ipo, ndo maana ikakujibu already satisfied. Ukaweka contrib, folda ikajaa tena, ukafurahi. Ukafuta opencv-python, ikabeba mafaili ya contrib. Haikuwa kichawi, ulikuwa unamfukuza mpangaji mmoja anaondoka na godoro la mwenzie.

Ukitaka kuhakikisha sahivi umebaki na nani:

`python -c "import cv2; print(cv2.getBuildInformation())"`

Inatoka barua ndefu, tafuta mstari wa GUI, yaani mambo ya madirisha. Ukikuta NONE ni headless. Kwenye Windows ikiwa ya kawaida utaona WIN32UI.

MbanguaKodi:
NONE. Dah.

Kwa hiyo siku tatu nimekuwa nahamisha godoro.

Ngalawa77:
😂😂😂 godoro la mwenzie nimelielewa kuliko darasa zima la chuo

fundi_terminali:
Sawa dada nakubali niliwahi. Ila nina hoja, mimi seva zangu ni Linux na nimekuwa nikiweka opencv-python ya kawaida inaniletea libGL.so.1 cannot open shared object file, na nikiweka headless inakaa kimya. Kwa hiyo headless sio mchawi kila mahali.

Bintimikindani:
Kabisa kaka, na kwenye seva hiyo ndo njia sahihi, seva haina dirisha la kufungua, libGL ya nini. Ubaya sio headless, ubaya ni wawili kwa pamoja. Seva weka headless pekee, laptopu ya kuonyesha picha weka ya kawaida pekee.

Sasa tiba ya mleta mada. Nina swali moja kwanza, usikasirike. Albumentations unaitumia kufanya nini?

MbanguaKodi:
Ee… yule wa kwenye video alisema inaongeza picha, inazizungusha na kubadilisha mwanga ili modeli isizoee picha za aina moja.

Bintimikindani:
Kwenye kodi yako wewe umeiandika wapi?

MbanguaKodi:
Nimeangalia. Nimeiimpoti mstari wa 4. Sijaitumia popote 🙈

Bintimikindani:
Basi. Ultralytics ukitreini tayari inageuza picha, inacheza na rangi na mwanga, na inaunganisha picha nne kuwa moja, bila kuambiwa. Kwa picha mia nne za korosho anzia hapo. Futa mstari wa 4 na konflikti yako imekufa, maana aliyekuwa anamwita headless ndo huyo.

Usijaribu kusafisha Python yako kubwa, imeshachafuka. Tengeneza venv, ni folda yenye pakeji zake peke yake, ikiharibika unafuta folda unaanza upya. Fungua cmd:

`cd C:\korosho`
`python -m venv venv`
`venv\Scripts\python -m pip install ultralytics`
`venv\Scripts\python -m pip check`

Na bando usiogope. Pip anaweka akiba ya vitu alivyowahi kushusha, kwa hiyo vile vikubwa, torch (injini ambayo ultralytics inaitumia) na wenzake, utaona ameandika Using cached. Atatumia data kidogo tu ya kuulizia orodha. Ila usiweke --no-cache-dir, kuna watu wanainakili kutoka kwenye mafunzo ya seva bila kujua ndo inawamalizia bando.

Makonde_Kidijitali:
Hapo kwenye torch naongezea, mimi yalinikuta. Kwenye Windows torch ya pip kwa kawaida ni ya CPU, ina unafuu. Kwenye Linux ukiiita hivihivi inakuletea na mizigo yote ya kadi ya NVIDIA hata kama kompyuta yako haijawahi kuiona kadi hiyo, ni GB kabisa. Nilikuwa Masasi usiku nimejiunga bando la wiki nzima, nikaacha inashuka nikalala, asubuhi bando hamna na diski imejaa. Kama huna kadi, shusha torch kwanza namna hii halafu ndo uite ultralytics:

`pip install torch torchvision --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu`

Ultralytics ikija inamkuta torch yupo, haimwiti mwingine.

MwanaNachingwea:
Wakuu na mimi jamani. Yangu hii hapa, na hii inamtaja NumPy kabisa:

`A module that was compiled using NumPy 1.x cannot be run in NumPy 2.2.6 as it may crash.`

Halafu mbele yake numpy.core.multiarray failed to import. Nina Python 3.11, prodyekti ya mwaka wa mwisho, mwongozo tuliopewa unataka opencv-python 4.8.1.78 na nimeiweka hiyohiyo. Mwenzangu kaweka mwaka juzi kwa mwongozo huohuo na kwake ilikubali, tumefuata mistari ileile neno kwa neno.

Bintimikindani:
Fundi terminali, njoo, mgonjwa wako huyu hapa sasa.

fundi_terminali:
😄 Asante kwa kunirudishia heshima. Mdogo wangu wa Nachingwea, wewe dawa ile ndo yako:

`pip install "numpy<2"`

Na kwako itapita bila kompaila maana uko 3.11, 1.26.4 ina faili lililoiva la 3.11.

Kwa nini mwenzako ilikubali, ni hivi. Hiyo 4.8 ilipikwa enzi za NumPy 1. OpenCV sio Python tupu, ndani ni C++, na inashika NumPy moja kwa moja kwenye kumbukumbu, inajua kitu fulani kinakaa hatua ngapi kutoka mlangoni. NumPy 2 walihamisha samani. 4.8 inaingia gizani inanyoosha mkono palepale pa zamani inakamata hewa. Sasa 4.8 kwenye mahitaji yake iliandika tu NumPy kuanzia namba fulani kwenda juu, haikuweka dari, wangejuaje mwaka 2023 kwamba 2 itakuja kuvunja. Mwenzako alivyoinstoli, NumPy mpya kabisa ilikuwa bado ni 1. Wewe umeinstoli leo, pip kakuchukulia mpya kabisa, ambayo ni 2. Mwongozo ni uleule, dunia ndo imesogea.

Njia ya pili ni kupandisha OpenCV yenyewe iende 4.10.0.84 au juu, hizo zinaelewana na NumPy 2. Ila kama msimamizi wako anataka 4.8 usibishane naye, shusha NumPy.

Na usiishie kuinstoli kwa mkono, iandike kwenye requirements.txt (faili la orodha ya pakeji za prodyekti) kabisa, mstari wa numpy<2 chini ya mstari wa opencv. La sivyo wiki ijayo unaongeza pakeji nyingine inakupandishia tena.

MwanaNachingwea:
Imekubali!! Mungu awabariki. Wiki mbili nilikuwa nafikiri laptopu ina virusi.

Kilwa_Pweza:
Na sisi wa Raspberry Pi mtuangalie. Kila nikisema pip install inaniambia externally-managed-environment. Kwenye mtandao wanasema weka --break-system-packages, jina lenyewe linanitisha.

Bintimikindani:
Na likutishe. Hilo ni zuio lililowekwa makusudi, Raspberry Pi OS mpya na Ubuntu mpya wanatumia Python ileile kuendesha mambo yao ya ndani, ukivuruga pakeji zake unavuruga mfumo. Kama unataka OpenCV tu usihangaike na pip:

`sudo apt install python3-opencv`

Hiyo imepikwa pamoja na NumPy ya mfumo, haina ugomvi. Ukihitaji vitu vya pip fanya venv, na kama unatumia kamera kwa picamera2 iunde na --system-site-packages ili iweze kuiona. Lakini hapo kaa macho, pip akikuletea NumPy mpya ndani ya venv, picamera2 ya mfumo inaweza kuanza kulia numpy.dtype size changed. Ugonjwa uleule wa Nachingwea, nguo tofauti.

Ngalawa77:
Naomba kuungama mbele ya umma. Mimi mwaka jana nilihangaika na "partially initialized module 'cv2' has no attribute 'imread'" nikafomati kompyuta. NIKAFOMATI. Baada ya kufomati ikaja ileile. Kumbe faili langu la mazoezi nimeliita cv2.py, kwa hiyo import cv2 inajiimpoti yenyewe.

fundi_terminali:
Ndo maana ulimshauri mwenzio anunue ungo 😂 Kwa faida ya wengine, ukiwa na wasiwasi rani

`python -c "import cv2; print(cv2.__file__)"`

ikikuonyesha folda yako badala ya site-packages ujue ni jina la faili. Na usisahau kufuta na __pycache__ ya pembeni.

MbanguaKodi:
Nimerudi. Umeme ulikatika nikasubiri. Ripoti:

Venv imeundwa. Nilijaribu kwanza kuiwasha kwa Activate ndani ya PowerShell ikaniambia running scripts is disabled on this system, nikakumbuka dada hajasema niwashe, kasema niite venv\Scripts\python moja kwa moja. Nikaita hivyo, ikaenda. Karibu kila kitu kikubwa Using cached, bando limetumika chini ya MB 20.

`No broken requirements found.`

Na findstr opencv inaonyesha mmoja tu, opencv-python. GUI: WIN32UI. Dirisha limefunguka na korosho zangu zina maboksi!! Nimepiga kelele mpaka jirani kauliza Simba kafunga au Yanga.

Bintimikindani:
Hongera kaka. Usifunge laptopu kabla hujafanya hii:

`venv\Scripts\python -m pip freeze > requirements.txt`

Hiyo ndo picha ya hali iliyokubali, na namba zake. Ukiharibu kesho unarudi hapo.

fundi_terminali:
Swali la nyongeza dada, mimi kazini albumentations ninaitumia kweli, siwezi kuifuta. Unafanyaje?

Bintimikindani:
Hapo hakuna njia safi, kuna njia ya kuishi nayo. Instoli vyote kama vinavyotaka, mwishoni futa opencv zote kwa mpigo mmoja, nenda site-packages ukikuta folda ya cv2 imebaki ifute kwa mkono, halafu rudisha moja unayoitaka. Pip check italalamika kwamba albumentations inataka headless haipo, iache ilalamike, ikirani inachohitaji ni cv2 tu na cv2 ipo. Ila kila ukiapdeti albumentations headless atarudi, kwa hiyo andika hizo hatua mahali. Mimi nikiwa na muda naona bora venv mbili, ya kutreini kwenye seva na ya kuonyesha kwenye laptopu, zisijuane.

Makonde_Kidijitali:
Mleta mada umesema unapeleka Newala. Huko kwa mama mdogo kuna intaneti?

MbanguaKodi:
Hamna ya maana, ni ya simu na inategemea umesimama wapi. Kuna kompyuta ya mezani ya kikundi. Nafikiria nikopi folda ya venv kwenye fleshi nikaibandike.

Makonde_Kidijitali:
Usikopi venv. Ndani yake imeandikwa njia kamili ya Python ya laptopu yako, kule haitaikuta. Beba mizigo yenyewe:

`venv\Scripts\python -m pip download -r requirements.txt -d mizigo`

Kule ukishatengeneza venv mpya:

`venv\Scripts\python -m pip install --no-index --find-links mizigo -r requirements.txt`

--no-index maana yake pip asitoke nje kuulizia, atafute kwenye folda tu.

MbanguaKodi (siku nne baadaye):
Wakuu nilipanda Newala juzi, nawapa mrejesho kama nilivyoahidi.

Mara ya kwanza iligoma. No matching distribution found for numpy==2.2.6, na mimi faili la numpy naliona kwa macho liko kwenye fleshi! Nikakaa kwenye kigoda baridi ya Newala inanipiga nawaza nirudi Mtwara na aibu yangu. Kumbe kompyuta ya kikundi ina Python 3.11, na mafaili yangu ya numpy yameandikwa cp313, yaani ya Python 3.13. Kilichonichanganya ni kwamba opencv haikulalamika kabisa.

Bintimikindani:
Sababu faili la opencv limeandikwa cp37-abi3, hilo linakubali kuanzia 3.7 kwenda juu. NumPy inataka la vesheni yako hasa. Ukaokokaje?

MbanguaKodi:
Nilisimama pale kwenye mnyanyuko wa barabara ambapo simu inashika, nikashusha instola ya Python 3.13 kwa hotspoti, haifiki MB 30. Nikaiweka pembeni ya ile 3.11 bila kuigusa ya zamani, nikatengeneza venv kwa `py -3.13 -m venv venv`, fleshi ikaingia yote bila neno.

Kamera juu ya sinia, akina mama wamezunguka kama kuna ngoma. Ikahesabu nzima 61, mama mdogo kahesabu kwa mkono 74. Kimya. Halafu akasema mbona zimelaliana, nani anachambua korosho zimelaliana, akachukua ule mti wake akazitandaza. Ikahesabu 73. Ile moja ina ufa, wanabishana mpaka sasa.

Makonde_Kidijitali:
😂 Na mkumbushe kuhesabu peke yake haitoshi kwa daraja. W320 maana yake ni nzima nyeupe kama 300 mpaka 320 kwenye ratili moja, W240 ni 220 mpaka 240, kubwa zaidi. Unahitaji mizani chini ya sinia.

MbanguaKodi:
Hiyo ndo kazi ya mwezi ujao. Ila wakuu kabla sijaondoka, kitu kimoja. Picha nilizopiga za kumbukumbu nikizifungua kwa matplotlib (ile ya kuchora grafu) korosho zote zinatoka za bluu. Kwenye dirisha la imshow ziko sawa. Ni konflikti tena?

Bintimikindani:
Hapana, pakeji zako ziko salama usiguse kitu. cv2 inasoma rangi kwa mpangilio wa BGR, bluu mbele, na matplotlib inategemea RGB, nyekundu mbele. Igeuze kabla ya kuonyesha:

`img = cv2.cvtColor(img, cv2.COLOR_BGR2RGB)`

MbanguaKodi:
Imekubali. Mama mdogo alikuwa ameshaanza kuniuliza hizo za bluu zinauzwa daraja gani.